Koti la Mansur Lilivyoongeza Kodi

Kila asubuhi Mansur alirudi nyumbani Kasubi akiwa hoi. Alikuwa mlinzi wa maduka. Zamani aliajiriwa na tajiri mmoja wa mjini, aliyempa mshahara, buti na koti. Wahindi walipofukuzwa nchini Uganda, tajiri huyo naye akaondoka. Tangu hapo Mansur alijitegemea. Alilinda maduka ya mtaa mmoja wa Lubaga, na kila mwenye duka alimlipa chake mwisho wa mwezi.

Mkewe, Kulthum, alimwekea uji. Sukari ilikuwa imeadimika Kampala nzima. Mansur alilalamika kwamba uji haunyweki, kisha akaunywa wote na kuomba mwingine.

Mansur alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na majivuno yake. Walinzi wenzake walimheshimu mlinzi anayevishwa na tajiri. Anayejinunulia buti walimcheka. Basi kila aliyelisifu koti la Mansur, koti zito lenye vifungo vya shaba, alijibiwa, "Nimepewa na matajiri wangu." Ukweli ni kwamba lile la tajiri lilikuwa limechakaa, na hili alilinunua mwenyewe. Mwaka aliolinunua, Kulthum alisherehekea Idi kwa leso kuukuu, na hakusema neno.

Siku moja mwami wa muluka, yaani mkuu wa mtaa wao, alikuja na kamati yake kukadiria kodi ya mwaka. Walikaa kwenye mkeka uani kwa Mansur.

"Wewe nalinda duka gani?" mwami aliuliza.

"Yote ya mtaa ule, mwami."

"Na hii koti? Hii tochi, hii buti? Nani nanunua?"

Mansur alinyoosha kola ya koti. "Napewa, mwami. Matajiri wangu wananipenda."

"Kumbe! Basi pesa yote nabaki kwako," alisema mwami, akaandika.

Majibu ya kamati yalipokuja, Mansur aliketi chini. Kodi ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake. Na bila kodi hakuna tikiti ya kodi, karatasi inayoonyesha kwamba umelipa. Bila tikiti, angepitaje kwenye kizuizi cha wanajeshi njiani kwenda kazini? Mwaka uliopita jirani yao mmoja alishikwa pale kwa kukosa tikiti. Mpaka leo mkewe alikuwa akimtafuta.

Kulthum alitazama sufuria yake kubwa iliyoegemezwa ukutani. Aliirithi kwa mama yake. Watu waliikodi kwa harusi na matanga, na malipo ya maduka yalipochelewa, sufuria hiyo ndiyo iliyowalisha watoto.

"Tutaiuza," alisema polepole.

Mansur alilitazama koti lake. Aliona haya kweli.

Lakini Kulthum hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Alikwenda kumwita Bi Rukiah, jirani aliyewahi kuwa karani katika ofisi ya kodi. Bi Rukiah alikuja, akakataa uji usio na sukari, akaanza kuuliza.

"Ndugu yangu Mansur, betri za tochi nani ananunua?"

Mansur alikuna kidevu.

"Sema, Baba Hajara," Kulthum alimhimiza. Kisha akamsemea mwenyewe. "Ananunua mwenyewe, Bi Rukiah. Betri, buti, koti, vyote."

"Sasa mbona kamati iliambiwa amepewa?" Bi Rukiah alishangaa. "Sikiliza, Mansur. Mtu anayejitegemea hakadiriwi kwa kila senti aliyoshika mkononi. Kwanza anaondoa gharama za kazi yake. Kinachobaki ndicho pato lake. Hicho ndicho kinachokadiriwa."

"Hata koti?"

"Kama unalivaa kulindia maduka, hata koti. Na yule Tajudin anayekushikia zamu unapougua, humlipi?"

"Namlipa!" Mansur alichangamka. "Na kanzu ya Idi je? Na nyama ya Ijumaa?"

Bi Rukiah alicheka mpaka akashika ubavu. "Kanzu unaendea msikitini, hulindii duka. Nyama mnakula nyumbani. Hizo si gharama za kazi. Usiongeze hata betri moja ya uongo. Wakigundua moja, hawataamini zile za kweli."

"Nitawaaminishaje?"

"Tafuta risiti. Usipokuwa nayo, mwombe aliyekuuzia akuandikie. Halafu peleka rufaa mapema, kabla ya siku ya kulipa."

Risiti ya koti Kulthum aliitoa chini ya godoro. Ya buti ilikuwepo pia. Za betri hazikuwepo, kwa hiyo Mansur alikwenda soko la Kalerwe kwa Barnabé, Mkongo aliyeuza betri juu ya gunia.

"Huyu baba namujua," Barnabé alisema. "Kila mwezi anakuya hapa. Leta karatasi, nitaandika." Tajudin naye aliandika alicholipwa.

Siku ya rufaa uwanja wa ofisi ya muluka ulijaa watu. Mansur aliona benchi zima la walinzi wenzake, wale wale aliowaringia koti. 

"Wewe tena, ssebo?" alisema mwami, akimwita bwana kwa Kiganda. "Ile siku ulisema napewa. Leo nasema nini?"

Mansur alimtazama Kulthum, aliyesimama amejitanda leso yake iliyopauka. Uchungu ukamshika.

"Mwami, siku ile nilisema uongo kwa ajili ya fahari. Koti nilinunua mimi. Mke wangu alikosa leso ya Idi kwa sababu ya koti hili."

Mtu mmoja alicheka. Kisha mlinzi mzee aliyekaa mwisho wa benchi akainuka.

"Mwami, hata mimi buti hizi ni zangu. Niliogopa kuchekwa."

"Na mimi tochi," mwingine akasema.

Kicheko kikakoma. Mwami alitazama benchi zima, akatikisa kichwa. "Nyinyi watu naficha gharama yenu, halafu nalia kodi nakuwa kubwa!" Alisoma risiti za Mansur pamoja na kamati, wakauliza maswali, wakaondoa gharama za kazi. Kodi ikashuka. Mansur aliweza kuilipa bila kuuza kitu, akapewa tikiti yake.

Idi iliyofuata ilipopita, sufuria ilikodiwa kwa harusi Lubaga. Mansur aliibeba kichwani, Kulthum akatembea kando yake. Kizuizini mwanajeshi aliikagua tikiti, kisha akashika koti alilovaa Mansur.

"Koti mzuri. Nani nakupa?"

Kulthum alimsogelea mumewe.

"Sikupewa, afande," alijibu Mansur. "Nilinunua, kwa ajili ya kazi. Risiti iko nyumbani."

Mwanajeshi alimrudishia tikiti. "Haya, pita."

Walipofika mbali, Kulthum alijifunga vizuri leso yake mpya, nyekundu yenye maua, ambayo Mansur alimletea siku ya Idi.

"Na hii leso, Baba Hajara?" alimtania. "Nayo niiwekee risiti?"

"Iweke," alisema Mansur chini ya sufuria. "Lakini usimpelekee mwami. Hiyo si gharama ya kazi."