Mwenzi Asiyekuwepo

Kila Julai darasa la Jumapili la Bi Opal lilikwenda Bonde la Banjo, uwanja wa burudani ulioko milimani, ambako muziki wa banjo na fidla haukomi tangu lango linapofunguliwa. Na kila Julai, kabla basi halijaondoka, Bi Opal alisimama mlangoni na daftari lake. Hakuna aliyepanda bila kutaja mwenzi wake. Walitembea wawili wawili mpaka jioni.

Aliyekosa mwenzi alitembea na Bi Opal mwenyewe. Mwaka uliopita balaa hilo lilimpata Clovis. Alizunguka kutwa akimshikia mwalimu mkoba, na tangu hapo hakuna mtoto anayemwita Clovis. Wanamwita Mkoba.

Raelynn Stinnett, msichana wa miaka kumi na mmoja, aliyajua hayo vizuri, kwani yeye naye alicheka. Wakati ule alikuwa na Tansy, mtoto wa jirani. Mwezi Machi baba yake Tansy alipata kazi Ohio, wakafunga virago wakahama. Tangu siku hiyo Raelynn alikula peke yake shuleni na kukaa peke yake kanisani. Upweke ulimuuma, lakini kuusema kulimtia aibu zaidi, kwa hiyo hakumwambia mtu.

“Raelynn, mwenzio nani?” Bi Opal aliuliza.

“Delphia. Bibi yake anamleta kwa gari lao. Tutakutana langoni.”

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Delphia alikuwa wa darasa lao, na asubuhi hiyo hakuwa ametokea. Kwa nini, Raelynn hakujua. Bi Opal akaandika. Mzee Harlan, shemasi mwenye goti bovu aliyekuwa akiendesha basi, akawasha injini.

Langoni watu walikuwa wengi kama siafu. Raelynn alipunga mkono kuelekea kwenye umati, akapaza sauti, “Yule pale, Bi Opal,” akatoka mbio kabla hajaulizwa zaidi.

Basi siku ikawa ndefu.

“Mko wangapi?” aliuliza kijana aliyeendesha gurudumu kubwa la kubembea.

“Mmoja.”

“Mmoja tu? Haya, kaa katikati, kiti kisielemee upande.”

Kule juu aliiona milima yote hadi ilikoishia, na hakuwa na wa kumwonyesha. Aliposhuka alinunua vikombe viwili vya maji ya limau, ili yeyote wa kanisani atakayemwona adhani Delphia yu karibu. Haukupita muda akakutana na Clovis na rafiki yake Dewey.

“Delphia yuko wapi?” Dewey aliuliza.

“Kwenye foleni. Hiki chake.”

“Mwambie anakubebesha kama punda,” alisema Clovis, wakaenda zao wakicheka.

Raelynn alijibanza nyuma ya kibanda cha karanga za kuchemsha, akavinywa vikombe vyote viwili. Tumbo lilimjaa, lakini machozi yalikuwa karibu zaidi. Kwenye ukumbi wa dansi mpiga fidla aliita, “Kila mtu na wake, tuanze!” Yeye akaondoka.

Njia ya mwongo ni fupi. Saa nane mchana Bi Opal alipuliza filimbi mbele ya jukwaa kuu, na kila jozi ikainua mikono iliyoshikana. Raelynn aliinua mkono mmoja.

“Delphia?”

“Ameenda chooni.”

Wakangoja dakika kumi, kisha ishirini. Bi Opal alikwenda chooni mwenyewe, akarudi uso umempauka. Aliwaita wafanyakazi wa uwanja, malango yakafungwa. Jukwaani banjo ilikatika katikati ya wimbo, na mwimbaji akatangaza kwamba mtoto anayeitwa Delphia amepotea. Raelynn alirudi nyuma ya wenzake. Kila dakika iliyopita iliufanya ukweli uwe mzito zaidi.

Kisha mtu mmoja akasema ameona kitu chekundu kama nguo kwenye bwawa la kinu cha maji kilichokuwa uwanjani humo. Mzee Harlan hakungoja kuambiwa. Aliingia majini na viatu vyake, akichechemea, maji yakampanda mapajani, akawa anapapasa chini kwa mikono miwili huku midomo ikimtetemeka kwa sala. Akateleza, akaangukia goti lile bovu.

“Toka, Mzee Harlan!” Raelynn alilia. “Delphia hayumo. Hakuja. Nilidanganya. Sina mwenzi.”

Mzee Harlan akajikokota kutoka majini. Bi Opal akamgeukia Raelynn.

“Na sasa nitajuaje kwamba hili ni kweli?”

Swali hilo lilimchoma Raelynn kuliko kofi. Bi Opal alipiga simu nyumbani kwa kina Delphia. Delphia alikuwa kitandani, ana tetekuwanga. Bi Opal akakaa kwenye benchi, akalia kimya mbele ya darasa zima.

Raelynn aliwaomba radhi wote, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Mzee Harlan, aliyekuwa akikamua soksi zake ukingoni mwa bwawa.

“Nisamehe, mzee. Goti linauma?”

“Linauma. Kaa hapa.” Akakamua soksi ya pili. “Mke wangu alipofariki, watu waliniuliza, hujambo Harlan? Nikawajibu, sijambo, nina watu tele nyumbani. Uongo mtupu. Nyumbani nilikuwa mimi na saa ya ukutani. Wakaniamini, wakaacha kuja.”

“Ukafanyaje?”

“Nilikaa hivyo miaka miwili. Siku moja Opal aliniuliza tena, nikashindwa, nikamwambia ukweli. Jumapili iliyofuata akanipa basi hili niwaendeshe.” Alimgeukia. “Uongo wako umewatisha watu na kumwaibisha mwalimu wako, na hilo utalibeba. Lakini usikie na hili, binti. Leo watu mia wamemtafuta Delphia, naye yuko kwao salama. Wewe ndiye uliyekuwa umepotea tangu asubuhi, na hakuna aliyekutafuta, maana ulituambia hujapotea. Ukiwa peke yako, sema. Kusema si aibu.”

Raelynn aliyatazama maji ya bwawa. Halafu, kwa sauti ndogo, akasema, “Mzee, nimekuwa peke yangu tangu Machi.”

“Sasa najua,” alisema Mzee Harlan, akasogea kumpa nafasi.