Mayai ya Watoto Wanne

Siku walipokutana, soko lilikuwa limefurika, hata pa kuweka mguu hapakuonekana. Fundi cherehani alisukumwa na mtu mwenye kapu la nyanya, akayumba, mkono wake ukatua juu ya trei ya mayai. Moja likapasuka. Muuza mayai, mwanamume mrefu mwenye aproni safi kuliko soko zima, alilitazama yai, kisha akamtazama yeye.

"Hilo umeshalinunua, dada."

"Nimelinunua vipi, na nimesukumwa?"

"Basi mfuate aliyekusukuma. Mimi ninayemjua ni wewe tu."

Akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri. Fundi akahisi kitu kizito kimemkaa kifuani, akaingiwa na hofu. Kitu cha namna ile alikijua: ni chakula kikikwama. Lakini tangu kuamka hakuwa ametia chochote mdomoni.

Miezi minne nyuma alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, likabaki dogo kama ndizi moja. Njaa nayo ikamhama. Mwanamke aliyekuwa akimaliza sahani yake na kuitupia jicho ya jirani, sasa alikula kwa kengele ya simu. Ikilia, anaacha cherehani, anatafuna vijiko viwili vitatu mpaka viwe uji. Mtaalamu wa lishe kule kliniki alimwonya: protini kwanza, gramu sitini kwa siku, la sivyo nywele zitapukutika na mwili utaanza kujila wenyewe. Na maji asinywe pamoja na chakula, asubiri nusu saa.

Kusema ni rahisi. Nyama ilimkwama, kuku akamkwama, maharage yakamvimbisha. Yai la kuchemsha ndilo lililopita bila ugomvi, na hata hilo siku nyingine lilikataa. Hakujua kama ameshiba au anaumwa, kama ana njaa au ana huzuni. Mwili wake ulikuwa nyumba ya kuhamia, na yeye bado anapapasa ukutani akitafuta swichi. Siri hiyo aliijua dada yake mkubwa peke yake. Mtaani walishaanza kunong'ona kwamba mtu hapungui hivyo bure.

Alinunua trei moja siku ile. Wiki iliyofuata akarudi, amevaa gauni la zambarau alilolipunguza kwa mara ya tatu, futi ya kushonea bado inaning'inia shingoni. Akachukua trei nyingine. Wiki ya tatu muuza mayai akashindwa kujizuia.

"Fundi, trei kila wiki! Nyumbani kwako mko wangapi?"

Jirani yao, mama muuza vitunguu, akaacha kupanga mafungu yake. Masikio ya mama yule hayakuwa na likizo. Fundi akababaika, na ulimi ukajisemea bila kuomba ruhusa.

"Watoto wanne."

"Wanne!"

"Na baba yao."

Papo hapo kengele ya chakula ikalia mkobani.

"Ndiye huyo anapiga?" aliuliza muuza mayai. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Ndiye," alisema Fundi, akaondoka mbiombio.

Tangu siku hiyo akawa Mama Wanne. Baya zaidi, akawa shemeji. Utani ukakatika. "Karibu shemeji. Hii hapa trei yako, shemeji. Msalimie kaka." Fundi alirudi kwenye chumba chake cha kushonea akiwa hajui amekosewa nini, maana kila alichoambiwa kilikuwa cha heshima. Akamchukia yule mume aliyemzua mwenyewe.

Siku moja alipiga simu kuagiza.

"Watoto hawajambo, shemeji?"

"Hawajambo kabisa."

"Na yule mdogo, kikohozi kimepona?"

"Kikohozi gani?"

"Si wiki jana ulisema kinamkosesha usingizi?"

"Aa! Kile! Kimepona, kimepona."

Dada yake, aliyekuwa pembeni akijaribu sketi, alicheka mpaka pini zikamchoma. "Mdogo wangu, umeolewa, umezaa mara nne, na sisi hata kadi hatukupata!"

"Dada, usinicheke. Nimwambie nini? Kwamba mayai yote yale ni yangu?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Atauliza kwa nini. Nikisema, ataniona mgonjwa, au mvivu niliyekimbilia kisu. Kifua kinanikaba, dada. Sijui ni yeye au ni lile yai la asubuhi."

"Mimi ningejua," alisema dada. "Lakini kifua ni chako."

Jumamosi iliyofuata muuza mayai alimpa trei, na juu yake akaweka kifurushi. Ndani mlikuwa na vijiko vinne vidogo vya plastiki, vya watoto: cha njano, chekundu, cha buluu na cha kijani.

"Niliviona dukani, nikawakumbuka wanao," alisema, macho yakiwa chini. "Tena nina neno. Kuanzia leo nunua kwa mwingine. Mke wa mtu sumu, na mimi nimekuwa nikihesabu siku wiki nzima nikingoja Jumamosi. Si vizuri. Nisamehe."

Fundi akatia vijiko mkobani. Alimwona mama wa vitunguu ameinama upande wao, akachukua trei yake akaenda.

Wiki mbili alizima kengele. Mayai yakakaa jikoni, naye akawa anakunywa chai tu, akijidanganya kwamba hasikii njaa, na kweli hakuisikia. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana kwa mafungu. Magoti yakaanza kutetemeka kwenye pedeli ya cherehani. Mtaalamu wa lishe alisoma karatasi yake ya chakula, akaiweka mezani.

"Hii haifiki hata gramu ishirini. Unataka kuanguka?"

"Sina hamu."

"Hamu nani kakuuliza? Hiyo ni dawa. Anayekuuzia mayai kafa?"

"Yu hai," alisema Fundi, na machozi yakamtoka.

Kutoka kliniki alikwenda moja kwa moja sokoni. Muuza mayai alimwona, akashika kingo za meza.

"Shemeji, si tulikubaliana..."

"Mimi si shemeji yako. Sina mume. Sina watoto. Mayai nakula mimi. Nilikatwa tumbo nipungue, na sasa lazima nile hata nisipotaka, kidogo kidogo, kwa saa. Ile simu ni kengele ya kula. Niliona aibu, nikasema uongo."

Mama wa vitunguu akakaa chini juu ya gunia.

"Na kikohozi?" aliuliza muuza mayai kwa sauti ndogo.

"Hakikuwepo."

"Mimi nilimwombea yule mtoto." Uso wake ulikuwa umechanganyikiwa kabisa. "Siku mbili usiku nilimwombea. Nenda, Fundi. Sijui hata nimkasirikie nani."

Fundi akaenda. Nyumbani aliwasha kengele tena, kwa sababu kupendwa au kutopendwa, magoti yalikuwa yake.

Siku ya tatu simu ililia saa saba mchana. Alinyoosha mkono kuizima, akaona si kengele.

"Umekula?" aliuliza muuza mayai.

"Ndiyo kwanza nataka kuanza."

"Usianze. Niko mlangoni, mama wa vitunguu kanielekeza."

Aliingia na trei kwapani, aproni ameiacha, amevaa shati jeupe lililokosa kifungo kimoja. Akaketi kwenye kigoda katikati ya vipande vya vitambaa. Fundi alimenya mayai matatu ya kuchemsha. Muuza mayai alilimaliza lake kwa matonge mawili, kisha akamtazama mwenzake akiliponda la kwake kwa kijiko cha njano, akitafuna, akitua, akitafuna.

"Kumbe vijiko vimepata mwenyewe."

"Ni saizi yangu hasa. Dakika ishirini, usiniharakishe."

"Nani ana haraka?" Akaokota kipande cha kitambaa sakafuni. "Huyo mume wako, ulimpa jina?"

"Hapana."

"Kazi anafanya gani?"

"Sikufika huko."

"Ni mtu wa namna gani huyo, hana jina, hana kazi, mkewe ananunua mayai peke yake? Mwambie ahame. Nafasi yake naitaka mimi. Nimekukasirikia siku tatu, nikaona hasira inaisha, wewe huishi."

Fundi aliacha kutafuna. Kile kizito kikamjaa kifuani, akaweka mkono pale.

Muuza mayai akaruka juu. "Limekwama? Nilete maji?"

"Maji mpaka nusu saa." Alitulia, akajisikiliza kwa makini, kama alivyofundishwa. Lile yai lilikuwa limeshapita zamani. Kilichobaki hakikuuma.

"Si yai," alisema.

Akachukua kijiko chekundu, akampa, akamsogezea yai la tatu.

"Kaa chini, basi. Na safari hii utafune polepole, Baba Wanne."