Diski Mbili za Sanduku

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Chaji aliingia studio kumsaidia mama yake. Jina hilo alibandikwa utotoni kwa sababu hakuwa mtoto wa kuchoka, lakini msimu huu wa mahafali hata yeye alikuwa hoi. Alifagia, akakunja vitambaa vya kupigia picha, kisha akachukua kadi za kamera na kuhamishia picha zote kwenye Sanduku.

Sanduku ni jina waliloipa kompyuta iliyokaa chini ya meza. Kazi yake ilikuwa moja tu, kutunza picha za wateja. Mama, ambaye ndiye mpiga picha, alikuwa akilala kwa kuibia, kichwa juu ya meza na chai imepoa pembeni.

Siku moja Sanduku lilikataa kuwaka. Feni yake ilizunguka, basi, hakuna la zaidi. Mama akampigia simu mdogo wake, mjomba wa Chaji, fundi wa kompyuta. Mjomba alifika akiburuta miguu, naye katoka kazini. Alilifungua, akachomoa flashi iliyochomekwa nyuma, akauliza imetoka wapi. Mama akasema ameitoa kwenye kopo la flashi anazowapa maharusi zikiwa na picha zao.

Mjomba alicheka, pamoja na uchovu wake wote. "Dada, hizi unazogawa kama peremende, ndizo umeziachia kuwasha mashine?"

Aliwaeleza taratibu. Picha ziko salama kwenye diski kubwa. Kilichokufa ni hiki kidogo kinachoiamsha mashine asubuhi. Flashi ya bei chee ni ya kubebea vitu, si ya kuandikwa kutwa kucha, na Sanduku haliachi kuandika kumbukumbu zake. Mama aliuliza kama wanunue diski yenye kasi zaidi. Mjomba akatikisa kichwa. Kasi haina maana hapo, wala ukubwa. Wanahitaji diski mbili ndogo zilizo imara, zinazoandika kitu kilekile, ili moja ikifa nyingine iendelee. Tena zitoke viwanda tofauti, maana zilizotengenezwa pamoja zinaweza kufa pamoja. Na kabla ya kufungwa, zipimwe.

Alikuwa nazo mbili, alizozitoa kwenye mashine za ofisini zilizostaafu. Alimwonyesha Chaji programu ya kupimia kwenye kompyuta ya mezani. Itaijaza diski maandishi, kisha itayasoma yote tena, na asiiguse mpaka iseme imemaliza. Yeye angerudi mwisho wa wiki kuzifunga.

Diski ya kwanza ilipita. Ya pili ilipofika katikati, Chaji alichoka kusubiri. Kompyuta ilikuwa inakwenda polepole, kazi za shule zilimngoja, na macho yalikuwa yanafumba yenyewe. Akaikatiza. Mwenzake si imepita? Hii nayo itapita tu. Mjomba alipouliza, alijibu bila kupepesa kwamba zote mbili ni nzima. Mjomba akazifunga, akaenda zake kulala.

Kwa muda nyumba ilitulia, na Mama akarudi kulala kitandani kama watu. Halafu alasiri moja maneno mekundu yalijitokeza kwenye skrini: diski moja ya kuwashia haifanyi kazi. Ilikuwa ile ya pili. Chaji aliangalia huku na huku, akaufunga ujumbe. Kesho yake ukarudi, naye akaufunga tena, akijipa moyo kwamba iliyobaki bado inadunda.

Siku hiyohiyo alimsikia Mama akikiahidi chuo cha wauguzi picha zao za mahafali Jumamosi asubuhi. Mama aliweka simu chini, akasugua macho.

"Hawa nikiwaangusha, wanahamia studio nyingine," alisema. "Na mimi, mwanangu, sina tena nguvu za kuanza kutafuta wateja."

Chaji alijitia kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Alitamani Mama aulize, apate pa kuanzia, lakini Mama hakuwa na la kuuliza.

"Mama, Sanduku limebaki na diski moja," akasema mwishowe. "Ile nyingine sikuipima mpaka mwisho. Nilidanganya. Limekuwa likisema, na mimi nikawa nalifunga mdomo."

Mama hakugomba, hakuwa na nguvu hata za kugomba, na hilo lilimuuma Chaji kuliko fimbo. Alichukua simu tu, akamwita ndugu yake.

Mjomba alileta diski mpya, na hakuwa na utani safari hii. Alimkabidhi Chaji aipime. Chaji alikaa nayo mpaka skrini iliposema imemaliza, ndipo Mjomba akaifunga, na Sanduku likanakili kila kitu kutoka diski iliyobaki nzima kwenda kwenye mpya.

Jumamosi asubuhi, Mama akiwa anachapa picha za wauguzi, maneno mekundu yakarudi. Safari hii iliyokufa ni ile ya kwanza, iliyopimwa vizuri. Chaji hakugusa kitu.

"Mama, njoo uone."

Mama alikuja, akasoma, akaketi kwa uzito. Mashine ya kuchapa iliendelea kutoa picha, moja baada ya nyingine. Sanduku lilikuwa linaendeshwa na diski mpya peke yake. Chaji akasema kwa sauti ndogo kwamba kama angenyamaza, leo lisingewaka kabisa.

"Lisingewaka," Mama alikubali. Alimvuta akae karibu naye. "Mjomba wako anasema diski zote hufa siku moja, hata iliyopimwa. Kwa hiyo simtaki msaidizi asiyekosea, maana hayupo. Ukichoka, niambie umechoka. Ukikosea, niambie kabla sijaahidi watu. Mimi pia nimechoka, Chaji. Nataka nikilala, nilale nikijua kwamba ulichoniambia ndicho kilichopo."

Chaji aliitikia kwa kichwa, akainuka kumpigia Mjomba simu. Mama alilaza kichwa juu ya meza, akalala palepale.