Kibuyu Changu, Harusi ya Mwenzangu

Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na minane, zamani dereva, sasa kibarua hapa Changamwe. Sina mke. Mkitaka kunicheka, ndugu wasomaji, nichekeni, lakini someni mpaka mwisho... Nilichokipoteza sikunyang'anywa. Nilikitoa kwa mikono yangu mwenyewe!

Miaka minne iliyopita nilikuwa dereva wa Mzee Abdalla, mwenye duka la nguo Kisauni. Nilikuwa na mchumba, Kadzo, msichana wa Kaloleni aliyeishi Likoni kwa mamake mdogo, akifua mashuka katika hoteli moja ya Shelly Beach. Tulipendana hasa! Aliporudi kwao kunisubiri, aliniachia kibuyu alichokivisha shanga nyekundu shingoni kwa mkono wake. Aliniagiza nimpelekee babake tembo la posa ndani ya kibuyu hicho hicho, Jumamosi tuliyopatana.

Kwetu Wagiriama, posa ni tembo la mnazi. Wazee hawalionji mpaka binti aitwe na kuulizwa mbele yao. Akisema wanywe, basi amekubali. Naye huinamisha macho, hamkodolei mtu. Wala hamtaji mchumba wake kwa jina mbele ya babake. Mzee wa Kadzo alijua tu kwamba atakuja kijana dereva kutoka Mombasa.

Mzee Abdalla aliniazima gari lake siku nne. Aliniambia, "Nenda mwanangu, inshallah urudi na mke. Lakini wallahi, gari langu lisije likanuka tembo!"

Nilimchukua rafiki yangu Katana awe mshenga wangu. Kuendesha gari nilimfundisha mimi. Tuliondoka Alhamisi asubuhi, na safari yenyewe ni ya nusu siku tu. Katana akasema haraka ya nini, nasi tuna gari na siku tele? Nikaona kweli!

Basi tukatembea kitajiri. Mazeras tulikaa mangweni, kwenye kilabu cha tembo, tukanywa kwa mirija mpaka jioni. Ijumaa tukashinda Rabai, tukilinganisha tembo la mgema huyu na la yule kama mabwana wakubwa. Moyo ulinikumbusha Kadzo... nikaunyamazisha kwa kibuyu kingine. Mbona Jumamosi bado?

Jumamosi asubuhi tulikuwa Ribe. Mgema akajaza kibuyu cha shanga tembo bichi, tamu, lenye povu. Nikasema nivute mrija mara moja tu, kisha twende. Mara moja ikawa nyingi, miguu ikanikataa. Katana akaniambia nilale kidogo, yeye atatangulia awatulize wazee, kisha anirudie na gari. Nikampa ufunguo. Nikampa na kibuyu... Jamani, nikampa na kibuyu!

Nilipoamka ilikuwa alasiri, na gari halikurudi. Nilikwenda kwa miguu, nikiyumba na kuanguka. Nilifika Kaloleni jua likiwa limeshuka sana, nikawakuta wazee wamekaa na mirija yao. Katikati yao alikuwa Katana, amevaa shati langu jeupe lililopigwa pasi, lile nililolitundika garini kwa ajili ya siku ile!

Nilipiga kelele kwamba mwenye posa ni mimi. Mzee akamwita Kadzo. Safari hii aliinua macho. Alinitazama, akamtazama Katana, akajishika kichwa.

"Baba, mimi nalikiona kibuyu changu, na gari nalisikia," alisema akilia. "Ndipo nikasema nyweni."

Babake hakuwa mtu mbaya. Aliwanyamazisha wenzake, akaniambia, "Kijana, kama wewe ndiwe mwenyewe, simama useme."

Nafasi ilikuwa ile moja tu! Maneno machache tu! Nilisimama, nikafungua mdomo, nikatapika miguuni pa mamake Kadzo. Kisha nikaanguka.

Nikiwa chini nilimsikia mzee akisema, "Mwanangu, wazee wamekunywa kwa ulimi wako. Niwaambie walifute neno lako kwa ajili ya huyu?" Kadzo aliinamisha macho tena, na wazee wakairudia mirija yao.

Nilirudi kwa miguu. Katana alikuwa amekwisha kurudisha gari, tena linanuka. Mzee Abdalla hakunikemea. Alipokea salamu yangu, akaniambia ameshapata dereva mwingine.

Siku ile ya Uhuru, bendera mpya ilipopandishwa, watu wote wakiimba Likoni, nilikutana na Kadzo. Ana mtoto mgongoni, na jino la mbele hana. Sikuuliza nani alilivunja, najua mkono wa Katana akilewa. Alinisalimia kwa heshima, kisha akasema, "Nalidhani uko nje, ndani ya gari, waona haya kuingia. Nikajibu kwa sauti ili usikie. Wewe ulikuwa wapi?"

Safari hii niliinamisha macho mimi. Alimkaza mtoto mgongoni, akaenda zake.

Dada zangu, nawasihi, inueni macho mwone ni nani aliyekuja, kabla hamjajibu. Nanyi kaka zangu, mkiwa na mtu anayewasubiri, msisimame njiani, hata tembo liwe tamu namna gani. Chukueni kibuyu chenu wenyewe, mfike. Mimi sijagusa mrija tangu siku ile, wala haijanisaidia kitu. Kila nikipanda kitandani nasikia sauti ya Kadzo ikisema nyweni... na mimi nimelala Ribe.