Mkono Alioung'oa Eskild Brok

Eskild Brok wa Faaborg, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwa mama yangu, hakuwa mtu wa kuamini mambo ya wafu. Hata walio hai hakuwaamini sana. Alikuwa seremala wa samani, fundi hasa, na ukimtajia fundi mwingine yeyote kisiwani Fyn alikutazama kama umemuulizia habari za nzi. Ama wale wanaochonga mbao kwa kujifurahisha, hao hakuwaita hata watu. Aliwaita mchwa.

Mchwa mkubwa kuliko wote alikuwa jirani yake Villads, daktari wa meno aliyestaafu. Mzee huyo alikata mpeasi wake uliokuwa umeacha kuzaa, akaukausha, akaununulia randa na patasi. Alichonga kasha jipya la gramafoni yake ya zamani, ile nzito yenye sahani ya chuma, kisha akaichongea na mkono wa kushikia sindano, mwembamba, wa mpeasi uleule. Siku Eskild alipouona mkono huo aliegemea ua akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hata kuku hatataka kutua juu yake," alisema.

Villads hakucheka. "Kiti ulichoniuzia kinalia kama bata," alijibu, akaingia ndani.

Ndivyo walivyoishi hao wawili, mwaka baada ya mwaka, mmoja akimdharau mwenzake juu ya ua uliokatwa vizuri pande zote mbili.

Villads alikufa majira ya kuchipua. Siku ya maziko, watu wakiwa bado wanakunywa kahawa, Eskild alimsogelea mjane, Ketty.

"Ile mashine mtaitupa?"

Ketty alimtazama. "Mwenzio hajapoa, Eskild."

"Ndiyo maana nawahi. Mota yake nzuri. Dhambi kuiacha ioze ndani ya kazi ya kitoto kama ile."

Mjane alikoroga kahawa yake taratibu, ingawa sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka. "Chukua," alisema. "Ila mkono uache ulivyo. Hata kitandani, siku zake za mwisho, alikuwa akiusugua. Alisema atakayeung'oa, atamdai."

"Atamdai nini?"

"Hakusema. Nimekwambia. Masikio ni yako."

Eskild alisimulia habari hiyo nyumbani kwa kejeli. Mkewe Tove alimwomba airudishe mashine. Eskild alimwambia akaange samaki.

Jumamosi moja ya Juni, jua likiwa juu na madirisha yote ya karakana yakiwa wazi, aliiweka mashine juu ya meza yake ya kazi. Alikuwa na mkono mwingine tayari, mrefu, wa chuma cheupe, ulioagizwa kutoka Ujerumani. Kwa kuwa ulikuwa mrefu kuliko ule wa mti, haungekaa mahali pa zamani. Ilimbidi akate ukuta wa kasha, atoboe tundu jipya, na kuunga kibao cha mjozi, mbao ngumu ya kahawia, pembeni cha kuubeba. Kazi ya asubuhi moja kwa mtu anayejua kazi.

Kwanza aliung'oa mkono wa mti. Aligeuza parafujo, akavuta. Haukutoka. Akavuta tena, akiuyumbisha huku na huku, na ulipotoka ulitoka kwa mlio mdogo wenye majimaji.

Aliuvunja juu ya goti. Akatia vipande vyote viwili kwenye jiko la karakana na kuwasha.

Kisha akashika keekee, akaanza kutoboa. Mbao ile ilikuwa imekauka miaka. Ajabu ni kwamba unga uliotoka ulikuwa umelowa. Ulijikunja kwenye ncha ya chuma kama nyama ya samaki, na rangi yake ilikuwa ya waridi. Harufu ikapanda. Karafuu. Ile harufu ya mafuta ya karafuu inayokukaribisha mlangoni mwa kila daktari wa meno.

"Mjinga aliipaka mafuta ya kazini," Eskild alijisemea, akaendelea.

Tundu lilikuwa safi. Kibao cha mjozi kilikaa bila hata mwanya wa unywele. Alifunga mkono wa chuma, akaunganisha nyaya zake nyembamba, akapima uzito wa sindano, akarudi nyuma kutazama. Alitamani Villads awe hai aone.

Mchana alibeba mashine hadi sebuleni, akaiunganisha na spika. Tove alikuwa ameenda bandarini kununua samaki. Eskild alijimiminia kahawa, akaweka santuri ya kinanda cha kanisani, akaketi kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe. Sauti ilitoka pana, nzito, kila nota mahali pake. Alitabasamu kwa dharau. Yule mzee alikuwa amekaa juu ya johari miaka yote hiyo, na hakujua.

Muziki ukafifia.

Si kwamba ulikwisha. Ulikwenda mbali, kama umefungiwa mlango. Kwenye spika kikabaki kitu kingine. Mlio wa chuma kidogo kikiwekwa juu ya sinia la chuma. Kimya. Kingine kikiwekwa. Kimya.

Halafu keekee. Nyembamba, kali, ya kasi. Si ya seremala.

Eskild akataka kuinuka auondoe mkono kwenye santuri. Mikono yake ilikuwa juu ya kiti. Ilibaki palepale. Aliitazama. Vidole havikusogea.

"Fungua," spika ilinong'ona.

Aliijua sauti ile. Aliifahamu kwa dharau yake.

Alibana meno. Taya lilishuka lenyewe, pole pole, kama droo iliyopakwa nta.

"Zaidi. Mbona umezoea kupanua kinywa."

Harufu ya karafuu ikajaa chumba. Nje jua lilikuwa linawaka, na mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani. Eskild aliusikia mpira. Akajaribu kupiga kelele. Ilitoka pumzi tupu.

Mkono wa chuma ukainuka juu ya santuri. Wenyewe. Ukarudi pembeni, ukatua juu ya mjozi. Sindano haikugusa kitu tena.

Sauti haikukatika.

"Tulia," ilisema. "Ni kazi ya kitoto tu."

Kitu baridi kikagusa jino la mwisho.

Tove aliporudi alisikia, akiwa mlangoni, mwanamume akizungumza ndani kwa sauti ya chini, ya upole, kama anayembembeleza mgonjwa. Akadhani wana mgeni. Akaweka samaki jikoni, akatoa kikombe cha pili, akaingia nacho sebuleni.

Mumewe alikuwa peke yake. Kinywa wazi, machozi yakimtiririka hadi masikioni. Shingoni alikuwa amefungwa leso nyeupe ya kulia chakula, fundo likiwa nyuma, limekazwa vizuri. Ilikuwa na herufi za jina la Ketty zilizotariziwa.

"Nani alikuwa hapa?" Tove aliuliza.

Eskild alifunga kinywa kwa mikono miwili. "Nilisinzia," alisema.

Ulimi ndio uliotangulia kujua. Kule nyuma, upande wa kulia, gego moja lilikuwa na uso mwingine. Laini mno. Vuguvugu. Alikwenda kwenye kioo cha bafu na tochi. Katikati ya meno yake meupe kulikuwa na jino la rangi ya asali, na juu yake mistari myembamba ya mti, ikizunguka.

Hapakuwa na damu. Ufizi ulikuwa umelikumbatia kama umezaliwa nalo. Alitafuta kiungo kwa ukucha. Hakukiona. Yeye, aliyeweza kuona kosa kwenye kabati kutoka upande wa pili wa barabara, hakukiona.

Alichukua koleo. Alivuta mara moja tu. Tove alisema mlio alioutoa ulimfanya mtoto wa jirani aache mpira.

Jioni, jua likiwa bado halijatua, alibeba mashine hadi kwa Ketty. Mjane alifungua mlango, akatazama kasha, akatazama mkono wa chuma.

"Na ule mwingine?"

"Niliuchoma."

"Uliuchoma." Ketty alivaa miwani. "Hebu panua nione."

Eskild akapanua. Alikuwa analia. Mjane aliinama, akakigeuza kichwa cha Eskild kuelekea mwangani kama alivyozoea kumwona mumewe akifanya, akachungulia kwa makini bila haraka yoyote.

"Kazi safi," alisema. "Safi kuliko viti vyako."

Akafunga mlango. Mashine ikabaki kibarazani, na asubuhi haikuwepo. Ketty anaapa hakuigusa.

Karakana haijafunguliwa tangu siku ile. Eskild huongea kidogo sasa, kiganja kikiwa mdomoni, na hasemi neno juu ya kazi ya mtu. Walimpeleka kwa daktari wa meno mjini Odense, mwanamke kijana, mwenye bidii. Aliuliza ni nani aliyeweka kitu kile, maana hajawahi kuona mkono mwepesi namna hiyo. Akampiga picha ya eksirei, akaitazama kwa muda mrefu, halafu akaenda kufunga mlango wa chumba.

Nakala ya picha hiyo Tove anayo. Alimwonyesha mama yangu, wakiwa wawili tu jikoni, akinong'ona ingawa Eskild alikuwa bustanini. Gego la kawaida huwa na mizizi miwili au mitatu, mifupi. Ya hili huwezi kuihesabu. Imeshuka ndani ya taya, imepita chini ya meno mengine, imepanda shavuni. Mmoja, mwembamba kama uzi, umefika karibu na jicho la kulia. Nchani mwake kuna kifundo kidogo, chenye magamba yaliyopangana, kama vile vinavyotokeza kwenye tawi la mpeasi mwezi Machi, wiki chache kabla ya jani kufunguka.

Picha ilipigwa Februari. Sasa ni Aprili.