Ukuta Ulioitika

Damari alitoka Kihesa jua likielekea kuzama, koti la mumewe begani na bakuli la makande mkononi. Ilikuwa Juni ya mwaka sabini na nne, na baridi ya Iringa mwezi huo haimwonei mtu haya. Mimba ilikuwa imeshakua, kwa hiyo alitembea polepole. Binti yake Tusajigwe, mtoto mdogo asiyejua kunyamaza hata akiwa usingizini, alikuwa amemwacha kwa jirani yao, Helena.

Mumewe, Isakwisa, Mnyakyusa wa Tukuyu, alikuwa fundi mwashi kwenye chuo kimoja cha pale mjini. Chuo kilikuwa kinajenga bweni la ghorofa, zege tupu na vioo, mahali palipokuwa na nyumba ya mawe ya enzi za Mjerumani. Mchora ramani kutoka Dar es Salaam aliyapenda mawe yale. Akaagiza nyumba ivunjwe, ila ukuta mmoja wenye madirisha ya matao ubaki na uunganishwe na ghorofa. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Wenyeji walinong'ona kwamba nyumba ile ilijengwa na mateka wa vita, na kwamba si wote walioingia kujenga waliotoka. Nani angemwambia mchora ramani maneno hayo?

Mzee Yohane, Mhehe aliyekuwa mkubwa wa mafundi, alitoa sharti moja tu. Siku ya kuziba pengo kati ya ukuta wa zamani na mpya, jina la mtu lisitajwe pale. Anayetaka chokaa agonge mwiko kwenye jiwe, aletewe. Isakwisa alikuwa mtu wa kanisa, akacheka. Hata hivyo asubuhi ile, akifunga viatu, alimwambia mkewe, "Ukija jioni, usiniite jina."

"Lini nimewahi kukuita jina?" Damari alimjibu.

Ni kweli. Tangu wazae hakuwahi. Mke mwenye adabu zake hamwiti mumewe jina lake hivi hivi tu.

Alipofika, ukungu ulikuwa umeshaanza kuteremka. Kimya. Hapakuwa na soga wala nyimbo za mafundi. Ila mwiko tu.

Ko... ko... ko...

Harufu ya chokaa mbichi ilimkaba koo. Upande mmoja ghorofa, madirisha yake bado matupu. Upande wa pili ukuta wa Mjerumani, mweusi kwa uzee. Katikati yake pengo, jembamba, la kupita mtoto. Isakwisa alikuwa juu ya jukwaa la miti, amempa mgongo. Damari akamwita kama alivyomwita kila siku.

"Baba Tusajigwe."

Mwiko ukanyamaza.

Halafu, kutoka ndani ya pengo, chini kabisa kwenye giza...

"Abee, mama."

Bakuli lilimponyoka. Sauti ile angeitambua popote, alikuwa ameizaa mwenyewe.

Mzee Yohane alimsogelea, kofia mkononi. "Umemtaja nani?" akanong'ona.

"Sijamtaja mtu. Nimemwita mume wangu."

"Umemtaja nani, mama?"

Ndipo Damari alipoelewa: katika kumwita baba, alikuwa amemtaja mtoto. Akakaa chini kwenye kokoto.

Isakwisa alirukia nyundo. Akayang'oa mawe yote waliyoyapanga siku ile, moja baada ya jingine, vidole vikitoka damu. Ndani hapakuwa na kitu. Hewa baridi tu, na harufu ya jiko lililozimika zamani.

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Sijui, mwanangu." Yohane aliikunjakunja kofia yake. "Baba yangu alinifundisha kutotaja. La baada ya kutaja hakunifundisha."

Walikimbia hadi nyumbani. Helena alikuwa mlangoni kwake, uso umemshuka.

"Alikuwa anacheza vizuri tu," alisema. "Jua lilipozama akasema, 'Abee, mama,' akatoka nje. Namfuata, namkuta amesimama uani. Toka hapo hasemi."

Tusajigwe aliinua macho, akamtabasamia mama yake kama mtu anavyomtabasamia mgeni. Damari akampapasa kichwa. Kwenye nywele mlikuwa na vumbi jeupe la chokaa.

Tangu jioni ile, mtoto yule akiitwa haitiki. Alikula, alilala, alikaa kwenye kona nyuma ya mtungi akiwatazama watu vinywa vyao wakiongea. Hospitali walisema mzima. Mchungaji aliomba mpaka sauti ikamkauka. Isakwisa alimwangukia msimamizi wa ujenzi ili pengo liachwe wazi, akaambiwa ramani ni ramani. Alipokataa kuliziba, waliletwa mafundi wengine. Wakaliziba.

Septemba Damari alijifungua mtoto wa kike. Jina halikutolewa, kwao lingetoka kwa bibi, mama yake Isakwisa, naye alikuwa njiani kutoka Tukuyu. Siku basi lilipotarajiwa, Isakwisa alikwenda stendi kumpokea, Helena akabaki na watoto. Damari akajitanda kanga, akasema anafuata chumvi dukani.

Alikwenda chuoni.

Bweni lilikuwa limehamiwa. Taa zinawaka, redio inalia juu huko. Damari aliweka paji la uso pale mawe yalipokutana na zege. Miezi yote ile hakuwahi kuthubutu.

"Tusajigwe..."

"Abee, mama."

Akalia bila kutoa sauti. Kisha akauliza alichoweza, swali la mama yeyote.

"Umekula?"

"Bado."

"Uko na nani humo?"

"Wengi. Hawana majina. Mmoja alitoka nilipoingia. Yuko nyumbani."

Damari aliinua paji la uso kutoka ukutani.

"Mama... mdogo wangu ameshapewa jina?"

Alikimbia. Kanga ilimdondoka njiani, hakuiokota. Kidonda cha uzazi kilimuuma, hakusimama. Aliposukuma mlango, nyumba ilikuwa imejaa majirani. Bibi ameshafika, ameketi kando ya moto, kichanga mikononi kinalia kwa nguvu zake zote. Isakwisa alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu Juni.

"Mama, ngoja..." Damari alisema, lakini pumzi haikutosha na hakuna aliyemsikia.

Bibi alimwinua mtoto juu watu wamwone. "Andendekisye," akasema. "Jina la dada yangu."

Kutoka kwenye kona, nyuma ya mtungi...

"Abee, bibi."

Helena alishika mdomo. Majirani wakapiga vigelegele, mtoto amesema, jamani, mtoto amesema. Isakwisa alipiga magoti akamkumbatia binti yake, machozi ya shukrani yakimtoka, na binti akamtazama Damari juu ya bega la baba yake, akatabasamu.

Damari hakuangalia huko. Aliangalia mikono ya bibi. Kichanga kilikuwa kimenyamaza ghafla, kinywa wazi, macho yanatazama dari. Kwenye nywele zake laini mlikuwa na vumbi jeupe.

Alimpokea, akamkumbatia kifuani. Alikuwa baridi kama jiwe la alfajiri. Damari akafungua kinywa amwite mwanawe, lakini jina lake lilikuwa limeshaitikiwa na mwingine, na hakujua amwite nani.