Pingamizi Dhidi ya Miche

Foleni ya dirisha la tatu, ofisi ya leseni, ilikuwa na tabia ya kuzeesha watu. Unaingia na ndevu changa, unatoka na mvi. Asubuhi ile ilikuwa imefika mpaka kwenye ngazi: wenye maduka ya dawa, wenye saluni, wachomea vyuma, kila mmoja na bahasha yake kwapani. Katikati yao alisimama kijana mrefu ambaye mji mzima ulimwita Nyasi, kwa kuwa ukitaka uwanja wa nyumba yako uote kijani, unampigia yeye. Alikuja kuhuisha leseni yake ya ukandarasi wa bustani. Shati lake la samawati lilikuwa limepigwa pasi mbele tu. Mgongoni Mungu anajua.

Mbele yake alikuwa mwanamke mwenye gauni la rangi ya ndimu, buti za shamba miguuni, na penseli imechomekwa kwenye nywele.

"Samahani, dada," Nyasi akasema, "hilo gauni na hizo buti zimefahamiana wapi?"

Mwanamke akageuka, akamtazama mbele, kisha akamzunguka na kumtazama nyuma. "Palepale wewe ulipofahamiana na pasi, mkaachana katikati."

Foleni nzima ikacheka. Nyasi naye akacheka, na wakati anacheka akawa ameshanasa.

Mwanamke alikuja kuomba kibali cha kukata mti ambao mizizi yake ilikuwa inainua ukuta wa shule. Alikuwa na ramani na barua ya mwalimu mkuu, picha hana.

"Watakurudisha," Nyasi akamnong'oneza. "Wanataka picha ya mti ukiwa bado umesimama."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakufundisha foleni. Kazi unaijua, kucha zako zinasema."

Akamshikia nafasi mpaka alipokwenda na kurudi na picha. Walipotoka pale saa nane, kila mmoja alikuwa na namba ya simu ya mwenzake na njaa ya kukata na shoka.

Mwanamke huyo watu walimwita Miche, na kwa kweli hapakuwa na mche uliomkatalia. Kwa miaka tisa alikuwa amepanda bustani za mji ule, na kila bustani ikimalizika, kibao cha mkandarasi mwingine husimikwa mbele yake, kwa sababu leseni hakuwa nayo. Alifanya kazi chini ya leseni za watu. Sasa hospitali moja ilikuwa imependa michoro yake na kumwambia: lete leseni yenye jina lako ifikapo Ijumaa ya mwisho wa mwezi, bustani ni yako. Usipoleta, tunampa mwingine.

"Mdhamini wa kazi niachie mimi," Nyasi alimwambia jioni moja, penzi lao likiwa limeshaota mizizi, wamekaa juu ya mifuko ya mbolea kwenye kitalu cha Miche. Mwombaji mpya alitakiwa awe na mkandarasi mzoefu wa kuandika kwamba anaijua kazi yake. "Nitakuandikia kurasa kumi, mpenzi. Ya kumi na moja nitaweka mashairi."

Miche akacheka, akamfuta udongo kwenye shavu. "Tutaona, mpenzi." Akageukia kumwagilia.

Tutaona! Neno dogo, lakini lilimkaa Nyasi kooni kama mwiba wa samaki.

Hapo ndipo alipoanza kumwona Chemchemi kila mahali. Chemchemi alikuwa mkandarasi wa mabwawa ya maua na maji ya kuruka, bwana mmoja nadhifu anayevaa viatu vyeupe kwenye matope na kuondoka navyo vyeupe. Mtu wa namna hiyo, Nyasi alijiambia, hafai kuaminiwa. Siku moja alipita nje ya hospitali akawaona wakipima uwanja. Chemchemi ameshika ncha moja ya utepe, Miche ncha nyingine. Utepe wa mita thelathini, jamani, na wao wameukunjua mita mbili tu!

Akapiga simu akiwa amejibanza nyuma ya ukuta.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Kazini, laazizi. Nina haraka, nitakupigia."

"Uko na nani?"

"Na utepe. Mbona sauti yako iko karibu hivyo?"

Nyasi akakata simu, akatoka pale ameinama kama mwizi wa kuku.

Jumatatu akapita ofisi ya leseni. Maombi yote mapya hubandikwa kwenye ubao kwa siku kumi na nne, ili mwenye pingamizi aandike. Akasoma, moyo ukapiga kama ngoma iliyochanika. Mwombaji: Miche, na picha yake akitabasamu. Mdhamini wa kazi: Chemchemi, na picha yake akitabasamu pia. Picha mbili ubavu kwa ubavu, zimepigwa muhuri mmoja katikati. Ukiondoa nembo ya juu, ilikuwa kadi ya harusi.

Alisimama pale akiona giza mchana. Kisha akaomba fomu ya pingamizi, akaandika: *Mdhamini haifahamu kazi ya mwombaji kwa kiwango kinachotakiwa.* Akilini mwake alikuwa anampiga Chemchemi. Kumbe pingamizi halichagui wa kumpiga: likishapokelewa, ombi lote husimama mpaka lisikilizwe. Na Nyasi, mwenye leseni kwa miaka saba, alikuwa analijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Wivu ulimsahaulisha.

Kesho yake asubuhi simu ikalia.

"Mpenzi," akasema Miche, "kuna mtu ameniwekea pingamizi."

Nyasi akajifanya kushangaa. "Nani?"

"Hawasemi mpaka siku ya kusikilizwa, Alhamisi. Hospitali wanataka leseni Ijumaa. Miaka tisa, mpenzi! Mimi nimemkosea nani duniani? Nani ananichukia hivi?"

Nyasi akaisogeza simu mbali na mdomo. Akasema mtandao unasumbua.

Alikwenda kwa dada yake, mshonaji, aliyekuwa na pini mdomoni na shati la mteja chini ya sindano. Alipomaliza kumsimulia, dada akazitoa pini moja moja, ili aweze kumtukana vizuri.

"Ulimuuliza kwa nini hakukuchagua wewe?"

"Niulize nini, dada? Kwani macho sina?"

"Macho unayo. Mdomo ndio hukupewa. Nenda ukalitoe hilo pingamizi, na ukaliseme mbele yake. Ukimficha, akaja kujua kwa wengine, hapa kwangu usije kulia. Nina vitambaa vya watu."

Alhamisi. Chumba kilikuwa kidogo, meza moja na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Afisa leseni, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuwa na jalada mbele yake. Miche aliingia na gauni jeusi na viatu vya heshima, Chemchemi nyuma yake. Alipomwona Nyasi, uso ukamchanua.

"Umekuja kunishika mkono!"

"Mleta pingamizi," akasema afisa bila kuinua macho, "ni huyo bwana."

Nyasi akasimama.

"Nimekuja kuliondoa, mama."

"Sababu?"

"Halikuwa la kweli. Niliandika kwa wivu."

"Mimi siwezi kuandika wivu kwenye jalada. Eleza kitaalamu."

"Kitaalamu, mama, ni wivu. Niliona picha zao zimekaa pamoja."

Chemchemi akakohoa, akijaribu kuficha kicheko. Miche hakucheka. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini sauti ilitoka kavu.

"Mama, naomba umsomee swali la kumi na moja la fomu ya mdhamini."

Afisa akasukuma miwani. "*Je, mdhamini ni ndugu, mwenzi au mchumba wa mwombaji? Ikiwa ndiyo, udhamini ni batili.*"

"Nilikuwa nimeshaandika jina lako," Miche akamwambia Nyasi. "Nikafika hapo. Ili uwe mdhamini wangu ilibidi niandike hapana. Hujanichumbia, najua. Ningeandika hapana na ningekuwa mkweli. Ila mkono wangu ulikataa."

"Mbona hukuniambia?"

"Niseme nini? *Sikutaki kwenye fomu kwa kuwa nakutaka nyumbani?* Mwanamke hujitunzia haya kidogo."

"Na mimi kila siku naambiwa habari zako," akasema Chemchemi. "Mke wangu anakufahamu, bwana, na hajawahi kukuona."

Afisa akagonga muhuri. "Pingamizi limeondolewa. Leseni kesho saa nne."

Kwenye ngazi Nyasi akamfuata. "Miche, nataka kukuoa—"

"Nyamaza. Leo ungeiposa hata nguzo ya umeme, kwa hatia uliyonayo. Njoo Jumatatu hospitalini, nahitaji mtu wa nyasi. Utafanya kazi chini yangu, na utaniita bosi."

Akamwita bosi wiki tatu. Bosi hakumpa hata tabasamu la kuazima. Alimwonyesha kwa kidole pa kupanda na pa kung'oa, naye akapanda na kung'oa.

Mpaka mchana mmoja nesi mchangamfu alipotoka na sare yake nyeupe, akavua viatu kujaribu nyasi changa. "Yaani ni laini!" akasema, akamshika Nyasi bega asianguke. "Kaka, na kwangu utakuja lini?"

Toroli likaanguka upande wa pili. Miche alikuja kwa hatua ndefu, buti zinapiga, reki mkononi, akikanyaga vitalu vya maua alivyovipanda mwenyewe jana yake.

"Kwake haendi!"

Nesi akachukua viatu vyake. Nyasi akatazama maua yaliyolala chini, kisha akamtazama bosi wake, ambaye naye alikuwa ndiyo kwanza anayaona.

"Bosi," akasema taratibu, "safu nzima hiyo."

Miche akashusha pumzi. Akatupa reki.

"Nioe," akasema, "kabla sijaikanyaga bustani yote."